Daftari la Vigae

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa,
kwa hiyo historia yetu inaanzia namba nne:
*Kichupa cheusi, shingo imevunjika. Uyunani.*
Hati ya Ntabo Lugendo, wino mwekundu,
herufi wima kama wanafunzi mstarini.
Namba moja hadi tatu zimo tumboni mwa mchwa.
Nazikadiria tu.

Sanduku lilishuka stesheni ya Tabora
reli ikiwa bado inanuka grisi mpya.
Mwenyewe Stavro Kaloyeri, mkandarasi wa makalavati,
Mgiriki aliyekuja kupasua mawe
na vyungu vya kwao akavifunga kwa shati lake la harusi.
Watu wa Ng'ambo walimwita Bwana Kokoto.
Walidhani sandukuni mna fedha.
Mlikuwa na udongo.
Udongo, kutoka kisiwa kisicho na mto,
umevushwa bahari mbili kuletwa Unyamwezi!
Walicheka wiki nzima, na walikuwa na haki.

Homa ilimchukua. Mjane wake, Evanthia,
aliuza mikate nyuma ya stesheni
hadi nywele zikafanana na unga,
akakijua Kinyamwezi cha kudai madeni
na kingine kidogo cha kusamehe.
Alipozima tanuri na kuondoka
aliliacha sanduku chuo cha ualimu,
akaandikiwa risiti: *vyungu, vikuukuu, 31.*

Hapo pana pengo la miaka kumi na tisa.
Nimeulizauliza. Mmoja alikumbuka kichupa
kikiwekewa chaki.
Mwingine, bakuli lenye farasi wawili:
lilinyweshea kuku wa mkuu wa chuo,
farasi mmoja akafutika kwa midomo yao.
Nalo nimeliandika. Kuku ni sehemu ya historia.

Chuo kikawa chuo kikuu. Tukapewa chumba,
kabati la kioo, kufuli,
kisha barua: mtaalamu wa Athene ameziona picha.
Ishirini na viwili ni vya kale kweli.
Vinane vilifinyangwa juzi, kuuziwa abiria wa meli.
Kimoja, kigae namba kumi na saba,
*hakijulikani kwetu.*

Mwezi wa sita akaja Nyamizi Kasanda wa Usoke
kudai malipo ya vyungu vyake vya maonyesho
(mhasibu alikuwa safarini, kama kawaida).
Akingoja, akainamia kabati.
Hakuuliza miaka. Aliuliza
walivichomea kuni gani.
Sikujua. Akanitazama
kama mtu aliyefungua ghala akakuta upepo.

Namba kumi na saba akakinusa,
akakilamba kabla sijapiga kelele.
"Chumvi," akasema. "Hiki ni cha Uvinza,
kimechemshiwa maji ya chumvi.
Na ninyi mmekifungia kwa ufunguo?"

Sikulala vizuri usiku ule.
Huenda Stavro alikiokota Malagarasi
akifukua msingi wa daraja,
akakichanganya na vya mama yake.
Sijui alikosea au alipatia.
Mkuu wa idara anataka kitolewe:
kabati, asema, ni la Wayunani.
Nimemwandikia madokezo mawili.
La tatu liko mezani, nalipunguza ukali.

Ila kuna jambo jingine.
Ndani ya namba nne, pale tochi inapofika kwa shida,
kuna alama ya dole gumba.
Nilijaribu langu. Halikuenea.
Alikuwa mdogo kuliko mimi, huyo,
labda mtoto aliyetumwa ashike shingo mpaka ikauke,
akachoka, akabonyeza.
Ntabo hakuliandika.
Nimeliandika mimi, Kalunde, kwa wino wa buluu
maana mwekundu umekwisha na hawaagizi tena.
Na chini yake, ili ibaki daftarini:
*Nyamizi Kasanda, vyungu sita. Bado hajalipwa.*