Kulifunika Garimoshi

Jumapili ya kwanza ya Novemba tunalifunika.
Mwaka jana tulikuwa sita, mwaka huu wanne:
mimi, niliyekata tiketi hapa mpaka dirisha likapigiliwa mbao,
Bi Orito wa duka la dawa,
mpwa wake asiyetoa waya masikioni,
na Kuzumaki, mchochea makaa,
aliyepasuliwa jicho juzi akaambiwa asiiname.

Anainama.
Nyundo yake ndogo inagonga gurudumu: ngii.
Anatega sikio. La pili: ngii. La tatu.
Mvulana anachomoa waya mmoja.
"Unapima nini? Haliendi popote.
Reli yenyewe mita kumi na nane,
halafu bembea."
"Ufa hauulizi unakwenda wapi," anasema Kuzumaki.
La nne: ngii.

Lilivuta makaa ya Kamisawa hadi bandarini
likiyala njiani,
kama mpishi aonjaye mchuzi mpaka sufuria ikapungua.
Mgodi ulipofungwa, watu waliondoka kwa mabasi.
Lenyewe likapakwa rangi nyeusi, likazungushiwa ua,
likatundikwa kibao: USIPANDE.
Miaka arobaini na saba watoto wanapanda.
Ngazi yake imelika katikati kama kipande cha sabuni.

Chumbani mwa dereva
Kuzumaki anafungua mlango wa tanuri
kwa mkono aliouzungushia taulo.
Tanuri limepoa tangu mama wa mvulana huyu
hajaota meno.
"Mazoea," ananiambia, wala sikumuuliza.
Ndani mna majani makavu, ganda la pipi,
na kigari chekundu cha plastiki, gurudumu moja halipo.
Anakitazama kwa jicho lake zima.
Anakirudisha, anafunga.

Turubai la buluu, upepo wa Hokkaido:
tunavutana nalo kama watu wanaomvisha mlevi koti.
Vinywa vyetu vinafuka mvuke,
chuma kinatutazama tu.
Kamba mpya, iliyonunuliwa na ofisi ya mji,
imepungua dhiraa moja.
Tunasimama. Bi Orito anataja duka; duka lilifungwa mwezi wa sita.
Kuzumaki anafungua mkanda wake,
anaunganisha, anakaza, anajaribu kwa kidole.

Ameshika njia ya nyumbani kwa miguu,
mkono mmoja una nyundo,
mwingine umeshika suruali.
Mvulana anamfuata nyuma, hatua chache,
akigonga kila nguzo ya taa kwa funguo zake
na kutega sikio.