Z ni Sebule

Daftari la Lusweti lina jalada la buluu
na duara la kikombe juu ya jedwali la kuzidisha.
Ukurasa wa tisa, kwa kalamu ya risasi:
Barua zisikae C. C ni chumba cha mtu mmoja.
Ziweke Z. Z ni sebule.

Sijapata kuelekezwa kazi vizuri namna hii,
nami nimefunga mitambo toka Kimilili hadi Malaba.

Ushirika huu wa kahawa, hapa Chwele,
una kompyuta nne na makarani watano.
Anayechelewa hukaa palipobaki.
Ndiyo maana barua za Khakasa zimo katika mashine ya Sitati,
za Sitati zimo katika ile iliyopigwa na radi,
na mnunuzi wa Mombasa ameuliza mara tatu
magunia mia mbili yamefika wapi.

Nikapiga magoti chini ya meza.
Panya walikuwa wameuonja waya wa kijani, wakaususa.
Nikaukata, nikaubana kichwa kipya,
taa ya swichi ikanikonyeza.

Kisha nikaibeba programu nzima ya baruapepe
nikaitua ndani ya Z, kwenye folda aliyoiacha yeye,
faili juu ya faili,
kama mtu ahamaye na jiko lake
makaa yakiwa bado mekundu.
Kila karani nikampa pembe yake na nywila yake.
Keti popote, nikawaambia, barua zako zitakufuata.
Nikabofya.

Programu tayari inatumika.
Mtumiaji: LUSWETI.

Bi. Nafuna wa mizani akasimama, chai mkononi.
Tulimzika mwezi wa tatu, akasema,
si kwangu, kwa kioo.

Nikaeleza. Ni faili tu, mama, haina uzito,
hata herufi moja haimo ndani.
Programu ikiingia huiacha mlangoni
kama mtu avuavyo viatu,
ikitoka huvivaa.
Labda siku ile alipokuwa akijaribu
umeme ulikatika, viatu vikabaki.
Navifuta, tunaendelea.

Vyake?

Vyake.

Basi piga hodi kwanza.

Nilitazama kama kuna atakayecheka.
Sitati alikuwa anahesabu kucha zake.
Nje mashine ya kukoboa ilinguruma, ikakohoa, ikanguruma tena.
Nikagonga mbao ya meza mara mbili.
Hodi, nikasema, kwa sauti ya mgeni
ambaye hajui kama kuna mbwa.

Tukangoja. Sijui tulingoja nini.
Bi. Nafuna akakunywa funda moja.
Haya, akasema. Nikafuta.

Zikaingia barua mia tatu na ushei,
nyingi ni za kuuza mbolea na bahati nasibu.
Chini kabisa moja, kutoka kwake kwenda kwake:
Jaribio. Kama unaisoma hii
na hujaketi kwenye kiti changu,
imekubali.

Sasa kuna utaratibu, na si mzuri sana.
Kila mmoja ana pembe yake, lakini la malipo ni kasha la wote:
mmoja akilifungua, mwingine hangusi.
Kwa hiyo Sitati hupiga kelele kupitia ukuta, Natoka!
na Khakasa hujibu, Toka basi, umelala humo?
Mnunuzi wa Mombasa amejibiwa. Hajaridhika,
ila hilo ni la magunia, si la waya.

Walinilipa nusu taslimu, nusu vitunguu.
Kabla ya kuondoka nililifungua daftari, ukurasa wa kumi,
nikaandika kwa kalamu ile ile:
Umeme ukikatika, tazama viatu mlangoni.

Bi. Nafuna akavaa miwani, akasoma,
akakata neno moja kwa mstari ulionyooka
kama akataavyo kilo za uongo.
Huyu, akasema, hakuwahi kuvaa viatu ofisini.
Akaandika: kandambili.