Daftari la Baruti

Mimi Mwinyikondo, karani wa Damodar,
duka la tatu kutoka forodhani, Bagamoyo.
Sikuandika sifa za mtu. Niliandika deni.

Ukurasa wa arobaini na moja:
Leokadia, mke wa Mndewa Kibanga.
Bangili za fedha, jozi mbili, rehani.
Kachukua baruti, frasila moja.
Damodar akaniuliza, "Ndiye malkia?"
Nikamjibu: ndiye, na siye.
Kazaliwa ng'ambo ya ziwa, kauzwa, kakombolewa na mapadri
kwa riale ambazo hakuwahi kuambiwa ni ngapi.
Wakambatiza, wakamfunza kushona na kuhesabu.
Kisha Mndewa akashuka pwani kuuza pembe,
akamkuta anahesabu vitambaa vya altare kwa sauti,
akamtaka.

Siku ya kukalishwa kigoda
walimwambia akanyage damu ya kondoo.
Akakataa.
Basi mume akatawazwa, yeye akasimama nje ya ua,
juani, na rozari yake,
kama mtu aliyekosea nyumba ya harusi.
Miaka saba boma zima likamwita yule wa msalaba.
Mvua ikichelewa, yule wa msalaba.
Ng'ombe akitupa mimba, yule wa msalaba.
Na nduguye Mndewa, tumbo moja, ziwa moja,
alipofunga njia ya Wami akajiita mtawala,
wazee wakatikisa vichwa: si tulisema?

Ukurasa wa arobaini na nne. Alikuja usiku,
maziwa yameilowesha kaniki kifuani;
mtoto wa siku kumi na tano kamwacha kwa mnyonyeshaji.
Akamwaga mezani mkufu, vikuku, pete ya ndoa.
Rozari aliibakiza shingoni. Damodar aliitazama,
mimi nikajifanya natafuta wino.
"Frasila tatu," akasema, "na risasi.
Mume wangu ana watu, hana moto."

Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.
Ukurasa wa kushoto, tarehe ile ile, asubuhi,
nilikuwa nimeliandika jina la yule ndugu.
Yeye alilipa kwa pembe, papo kwa papo. Akapewa baruti kavu.
Ya malkia tuliichanganya na mkaa wa mkoko uliosagwa,
kibaba kwa kibaba. Rangi ni moja.
Chekeche nililishika mwenyewe.
Akanishukuru. Akaniita kaka.

Habari ilishuka na wapagazi:
Mndewa kakatwa kichwa kivukoni,
gobori limeshindiliwa vizuri mkononi mwake,
halikulia.
Barazani watu waliulizana kwa nini halikulia.
Nikaagiza kahawa nyingine.

Alirudi misheni, akawa mfuaji.
Kila Jumamosi, vidole vimechujuka kwa sabuni,
aliniletea pesa nane, alipe salio la baruti.
Damodar alikuwa amekwisha kufa;
mwanawe hata hakujua kuna deni hilo.
Ningeweza kusema, dada, limefutwa.
Nilipokea. Nikaandika.
Msafara ukipita alisimama mlangoni pangu
akiwatazama watoto wa rika fulani,
hasa masikio yao,
kisha anafunga fundo la leso na kuondoka.
Miaka kumi na mmoja.

Jumamosi ya mwisho alisema, "Nipe stakabadhi."
Nikaanza: Malkia Leo...
Akaushika mkono wangu, kalamu ikadondosha tone.
"Kile kigoda sikukikalia. Andika mfuaji."
Nikaandika mfuaji.

Alikuwa amezidisha pesa mbili.
Niliziona kabla hajavuka njia. Sikumwita.
Zimo mpaka leo katika mtoto wa meza,
pamoja na lile chekeche.