Mkono Mmoja wa Pweza

Makubadhi ya Idi ya Raifa: elfu tisa tu,
ndivyo kioo cha simu kilivyoniapia
nimekaa barazani, Wete, maji yamekupwa.

Nikabonyeza.
Ikaja ada ya huduma, elfu na mia mbili.
Nikabonyeza.
Ya kufungia boksi. Ya boti mpaka Mkoani.
Ya Mkoani mpaka Wete.
Ya bima. Bima ya makubadhi!
Kisha ya kutuma pesa.

Mimi mtu wa pwani, nachokoa mwambani tangu usichana:
pweza hutoa mkono mmoja nje ya tundu,
mwembamba, wa kuchezewa.
Ukivuta ndipo ujue amekamata mawe mangapi.

Chini kabisa, maandishi kama mayai ya chawa:
bei yaweza kubadilika.
Elfu kumi na saba na mia tano.

Nikaenda Chake. Nauli niliijua kabla sijapanda.
Sleyum akataja kumi na nne, nikamwambia haoni haya.
Akacheka, akashuka hadi kumi na moja,
akanitilia kwenye mfuko wa karatasi.

Na mfuko je?
Bure, mama.
Nilimuuliza mara mbili.