Bampa ni Uso Tu

Mbodze alikuja na Landrova ya babake
jua la saa saba, hapa Jomvu, nyuma ya stoo ya magunia.
Akazima injini lakini hakushuka.
"Fundi, nataka winchi. Isionekane."

Wengi huja wakitaka ionekane,
ikae juu ya bampa kama pete ya fedha,
watu wa Nyali waulize bei.
Huyu ataka ifichwe,
tena mwenye gari mwenyewe asijue.

Mwenye gari ni Mzee Ngowa,
dereva wa wapima ardhi miaka thelathini,
na neno lake ni moja, harusini na matangani:
"Gari langu halijavutwa na mtu."

Basi masika haya, kule Mwache,
likazama mpaka ekseli.
Kijana wa trekta, ndevu bado zamtafuta,
akalivuta, wenzake wakipiga picha.
Siku mbili mzee hakugusa sima.

"Na kamba je?" nikauliza. "Si ataiona ikienda mtini?"
"Babangu akikwama," akasema,
"hutazama magoti yake."

Winchi niliipata Shimanzi, kwenye kontena la mtumba,
imelala baina ya jenereta na baiskeli za watoto.
Bampa nikalikata kwa ndani.
Nikapima kwa uzi, maana chuma cha zamani hakina mraba,
nikachomea kitanda, chesisi hadi chesisi,
kwani bampa halivuti mzigo.
Bampa ni uso tu,
na uso umeumbwa na haya.

Waya wa chuma niliukataa:
chumvi ya hapa huula kutoka ndani, kimya,
na siku ukikatika hauulizi nani amesimama karibu.
Nikatia kamba ya kusuka, ya kijivu.
Mdomo wake ukatokea nyuma ya kibao cha namba,
kibao nikakipa bawaba,
kifunuke kama kope.
Swichi, chini ya boneti, ubavuni mwa betri.

Kisha ile kazi niliyoionea raha,
kukizeesha kilicho kipya.
Kutu ya kukwangua, oili chafu, vumbi la Miritini,
nikapaka kwa kitambaa, polepole, kama mtu apakaye mtoto mafuta,
hata weldi yangu ya jana ikawa na miaka arobaini.

Juma la pili, sijafungua kufuli,
namkuta Mzee Ngowa mlangoni. Peke yake.
Shati la kazi, mifuko minne, kalamu mbili.
Hakunisalimu. Aliweka kiganja juu ya bampa
kama apimaye homa.

"Limeongezeka kilo thelathini puani.
Nilijua kabla sijafika Kibarani.
Usukani huu nimeushika wewe hujazaliwa."

Nikafungua kinywa. Akanizuia kwa kidole.

"Kazi nzuri. Ila swichi umeiweka mbali.
Mvua ikinyesha, mtoto atalowa
ameinamia boneti kwa ajili yangu.
Ilete ndani, chini ya dashibodi, upande akaao yeye.
Akishafunga kamba, arudi aketi."

"Nimwambieje?"

"Mwambie waya uliungua. Mwambie lolote.
Mimi usinitaje."

"Nawe, mzee, utafanya nini
gari likianza kujivuta lenyewe?"

Alifikiri. Akachomoa kalamu moja, akairudisha.

"Mimi," akasema, "nitatazama magoti yangu."

Nikafanya kazi hiyo mpaka adhuhuri.
Risiti sikuandika. Ningeandika jina la nani?
Akawasha, akarudi nyuma bila kutazama kioo,
na pale langoni, penye dimbwi dogo la mtoto kuruka,
akapunguza mwendo,
akalizunguka.