Glavu ya Mkono wa Kuandikia

Kesi ya kwanza alinilipa soksi.
Mimi, Konstebo Tarmo, mtu wa serikali,
nililipwa soksi za kijivu na bibi wa miaka sabini na mmoja
kwa sababu nilisimama barazani kwake saa nzima
nikimsikiliza, viatu vimejaa maji.

Kisha ikaja kesi ya saa ya mwalimu Endel,
kisha ya sumu ambayo haikuwa sumu
ila uyoga uliopikwa na mtu mwenye haraka,
kisha ya barua zisizo na jina. Kila mara
mimi nilikuja na daftari, yeye na kikapu,
na kila mara daftari lilinakili kikapu.

Haapsalu ni mji mdogo. Bahari ikiganda mwezi wa pili
watu hutembea juu yake kama wanaokwenda kudai deni,
na stesheni yetu ina jukwaa refu kuliko subira,
ila treni haiji. Hapa habari husafiri kwa uzi.

Jumanne wanawake hukaa nyuma ya duka la mikate la Urve,
sindano zikigongana kama kuku wanaodonoa bati.
Wote huzungumza. Bi Maimu huhesabu.
Anafuma, anafumua. Nimemwona akifumua kazi ya siku tatu
kwa kosa moja la mstari wa nne, uso mkavu,
na ndivyo anavyofumbua mafumbo:
hakimbilii mbele. Anarudi nyuma, kitanzi kwa kitanzi,
mpaka pale mkono wa mtu ulipotetemeka.

Kesi ya saba ilikuwa shali.
Nyeupe, ile ya kupita ndani ya pete ya ndoa,
imetolewa kanisani ipigwe mnada kwa ajili ya paa.
Jumamosi ilikuwa mezani.
Jumapili, meza.

Nilimshuku Aarne mpiga kinanda, kwa madeni yake.
Nilimshuku mgeni wa chumba namba mbili, kwa ugeni wake.
Bi Maimu alikula andazi lake la malai hadi mwisho,
akapangusa sukari kidevuni, akasema:
"Leo nimeangusha kitanzi makusudi, mbele ya Hilja.
Ametazama dirisha."

Basi. Hilja, anayemsahihisha kila mtu,
hata mchungaji, hata marehemu,
alikuwa ametazama dirisha.

Tulikwenda kwake jioni, theluji ikilia chini ya buti.
Shali ilikuwa kitandani, imetandazwa kama mgonjwa.
Hilja hakukana. Alituonyesha pembeni,
chini ya maua ya vifundo, kitanzi kimoja
kilichopindia kushoto.
"Hicho changu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Niliiuza kwa gunia la viazi, mama akiwa hoi.
Juzi nimeikuta mezani na kikaratasi:
*imefumwa na mke wa daktari.*"

Nikafungua daftari. Wizi ni wizi.
Wino ulikuwa umeganda, nikaipulizia kalamu.
Bi Maimu akatia mkono kikapuni,
na safari hii hakutoa soksi.
Alitoa glavu moja, nyekundu, nzito kama mkate,
haina vidole ila nyumba ya dole gumba.

"Na ya pili?"

"Sijaifuma. Hiyo ni ya kulia.
Vaa, mwanangu, mkono umekuwa bluu."

Mimi huandika kwa mkono wa kulia.

Nikavaa. Kalamu ikaniponyoka,
ikabingirika hadi chini ya kitanda cha Hilja.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Tulisimama pale, watu watatu wazima,
wima kama mishumaa.

Shali ilipigwa mnada Jumapili iliyofuata.
Kikaratasi kilikuwa kipya. Mke wa daktari alikohoa sana.
Paa la kanisa bado linavuja,
na glavu ya kushoto, kila nikiiulizia,
Bi Maimu anahesabu.