Mlango wa Ghorofa ya Nne

Ruwi, saa nane za usiku, nakagua ngazi.
Kazi yangu ndogo: kuondoa kabari.
Wapangaji wanaziweka, mimi naziondoa,
mwaka wa sita huu.
Droo yangu imejaa: kopo la tende, nusu tofali,
katoni iliyokunjwa mara nne,
ndara moja ya mguu wa kushoto. Hiyo nitaieleza.

"Sleyum," hunilalamikia Bi Shinuna wa fleti 403,
"mlango huu una roho mbaya.
Nikipita na vikapu unanipiga mgongoni.
Kwetu Ng'ambo mlango ulishinda wazi mchana kutwa."
Namwambia: mama, huu haumzuii mgeni.
Mgeni hupiga hodi.
Moshi hauna hodi.
Huingia kwa ufa wa unywele,
hupanda ngazi mbio kuliko mtoto mwenye umbea,
humkalia kifuani mtu aliyelala
asijue amekaliwa.

Alicheka. Kwake moshi ni heshima:
chetezo, udi, nguo za wajukuu zikifukizwa.
"Moshi nimeujua wewe hujazaliwa."

Usiku wa kuamkia Idi kaa moja liliruka.
Zulia, kisha pazia,
kisha kengele, na mimi bado niko ghorofa ya pili
na tochi yangu,
ya nne sijaifikia.

Aligonga milango ya jirani mmoja mmoja,
akawatanguliza, akatoka wa mwisho.
Mlango ulikuwa wazi, umeshikwa na ndara.
Ndara yake.
Akaipiga teke ikaanguka ngazini,
mlango ukamfuata, ukampiga mgongoni,
ukafunga.

Wa tano mpaka wa nane wakashuka
watoto mabegani, wengine wakipiga miayo,
na hewa ya ngazi ilinuka sabuni tu.

Asubuhi niliutazama.
Upande wa ndani mweusi kama tako la sufuria,
utepe wa ukingoni umeumuka kama unga wa mandazi,
umeziba kila mwanya.
Upande wa ngazi mweupe,
na paka aliyechorwa kwa penseli na mtoto wa 406
bado ana sharubu zake zote.

Juzi Bi Shinuna aliniuliza:
"Huo mpya, ni mzito kama ule?"
Mzito zaidi, mama.
Akaitikia kwa kichwa, akashika kiuno.

Ndara hajaiulizia.
Nami sijairudisha.